Madume Tasa: Mbinu ya Kumaliza Nzi wa Matunda, na Somo la Mbung'o wa Unguja

Kuachia madume tasa ni mbinu ya kupunguza au kumaliza wadudu waharibifu kwa kutumia wadudu wa aina ileile. Wadudu hufugwa kwa mamilioni katika jengo maalumu, madume huondolewa uwezo wa kuzalisha kwa kupigwa mionzi, kisha huachiliwa mashambani na maporini wakawatafute majike. Jike aliyepandwa na dume tasa hutaga mayai yasiyoanguliwa. Kazi hiyo ikirudiwa wiki baada ya wiki bila ya kukatizwa, kizazi hupungua, na mahali pengine hukatika kabisa.

Ndugu wasomaji, nimeandika makala haya kwa kuwa wengi wetu hapa Ghuba tuna mashamba nyumbani, na kila msimu wa embe khabari ni moja: tunda kwa nje zuri, kwa ndani funza. Mimi si bwana shamba. Nilikuwa karani wa mizigo mpaka nilipostaafu, na sasa nimeshavuka miaka sabini. Lakini waalimu wa skuli ya misheni walitufundisha kwamba jambo lolote lenye hesabu halieleweki mpaka hesabu yake iandikwe. Mbinu hii ni ya hesabu mwanzo mpaka mwisho, na ushahidi wake mmoja mkubwa uko kwetu Unguja.

Nzi mwenyewe

Nzi wa matunda tunayemzungumzia hapa siye yule mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva jikoni. Huyu ni mkubwa zaidi, na jike wake ana mwiba wa kutagia. Hutoboa ganda la tunda likiwa bado mtini na kutia mayai ndani. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, mabuu wakala nyama ya tunda kwa muda wa wiki moja hivi, kisha tunda huanguka. Buu hutoka, hujichimbia kidogo kwenye udongo, hugeuka kifuko kigumu mfano wa punje ya ngano, na humo hutoka nzi mpya. Dawa inayopulizwa juu ya tunda haimfikii buu aliye ndani, wala haimfikii aliye chini ya udongo.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na nzi wake wa asili tangu zamani. Balaa liliongezeka mwaka 2003, pale nzi kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, alipogunduliwa kwa mara ya kwanza barani katika pwani ya Kenya. Mwaka huohuo alionekana Tanzania, na baada ya hapo alienea sehemu kubwa ya Afrika. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 katika uhai wake. Hula embe, mapera, machungwa, mapapai na matunda mengine mengi, pamoja na kungu za ile miti tunayoipanda kwa ajili ya kivuli tu.

Hasara yake haiishii shambani. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka embe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na haikuanza tena mpaka 2021. Mkulima mdogo anayetegemea msimu mmoja kwa mwaka anajua miaka saba maana yake nini.

Hesabu ya Knipling

Mwenye fikra hii ni Mmarekani Edward Knipling, mtaalamu wa wadudu, akifanya kazi pamoja na mwenzake Raymond Bushland. Adui wao hakuwa nzi wa matunda, bali nzi anayetaga mayai katika vidonda vya wanyama, mabuu wake wakala nyama ya mnyama aliye hai. Knipling alijiuliza: ikiwa jike wa nzi huyu hupandwa mara moja tu, itakuwaje mara hiyo moja akikutana na dume asiyezaa?

Hesabu aliyoitoa mwaka 1955 inaandikika katika ukurasa mmoja wa leja. Chukua majike 1,000,000 na madume 1,000,000 wa porini. Achia madume tasa 2,000,000 kwa kila kizazi, idadi ileile bila ya kuongeza.

Kizazi cha kwanza, tasa ni 2 kwa kila dume mzima 1. Theluthi moja tu ya majike hupata dume mzima, kwa hivyo kizazi kinachofuata kina majike 333,333.

Kizazi cha pili, tasa ni 6 kwa 1. Wanabaki majike 47,619.

Kizazi cha tatu, tasa ni 42 kwa 1. Wanabaki 1,107.

Kizazi cha nne, tasa wamezidi 1,800 kwa 1. Habaki hata mmoja.

Tazama tofauti yake na sumu. Sumu inayoua nzi 9 katika kila 10 inafanya kazi nzuri siku ya kwanza, lakini kadiri nzi wanavyopungua ndivyo kila mmoja anayeuawa anavyogharimu zaidi. Nani atampulizia dawa jike mmoja aliyejificha katika msitu mzima? Dume tasa yeye hahitaji kuonyeshwa njia. Humtafuta jike huyo mwenyewe, kwa maumbile yake. Sumu hudhoofika mwishoni. Madume tasa hupata nguvu mwishoni.

Hapo ndipo ilipo sharti kubwa ya mbinu hii. Ukianza na nzi wengi mno, madume wako watamezwa kama tone la maji baharini. Kwa hivyo kwanza hupunguzwa kwa njia nyingine, kisha ndipo madume tasa huletwa kufunga hesabu.

Jaribio kubwa la kwanza lilifanywa mwaka 1954 katika kisiwa cha Curaçao, na nzi wa vidonda alimalizwa kwa miezi michache. Marekani ilimaliza wa kwake mwaka 1982, na Meksiko mwaka 1991. Mwaka 1988 nzi huyo aliingia Libya, nchi ambayo hakuwahi kuwamo. Nzi tasa zaidi ya bilioni moja walisafirishwa kwa ndege kutoka Meksiko, na mwaka 1992 Libya ilitangazwa kuwa salama.

Kazi ya kiwandani

Nzi wa matunda hufugwa katika majengo yenye joto na unyevu vilivyopimwa. Mabuu hulishwa uji mzito wa pumba, sukari na hamira. Wakishakuwa ndani ya vifuko vyao, siku mbili hivi kabla ya kutoka, hupigwa mionzi ya gama au eksirei. Kipimo lazima kiwe sawasawa: kikizidi, dume hutoka dhaifu na majike humkataa, kikipungua, anabaki na uwezo wa kuzalisha. Mionzi hupita tu. Haibaki katika mwili wa nzi, kama vile isivyobaki katika kifua cha mgonjwa aliyepigwa eksirei hospitali, na kwa hivyo nzi hawa hawana madhara kwa tunda, kwa mtu wala kwa ndege anayewala.

Kwa nzi wa Mediterania, Ceratitis capitata, wataalamu walizalisha ukoo ambao mayai ya kike hayastahimili joto. Mayai yakiwekwa katika nyuzijoto 34 kwa muda wa saa 24, ya majike hufa na ya madume hubaki. Faida yake ni mbili: chakula hakipotei kulisha majike wasiohitajika, na madume wakiachiliwa hawana majike wa kiwandani wa kuwapotezea wakati.

Kabla ya kuachiliwa, nzi hupakwa vumbi la rangi inayong'aa chini ya taa maalumu. Mtego ukikusanywa shambani, karani wa mradi hujua nani wa kiwandani na nani wa porini, akaandika uwiano wa wiki ile. Kila nzi, kwa maneno mengine, anatembea na stakabadhi yake. Bila ya daftari hilo hakuna anayejua kama kazi inasonga au imekwama.

Mbung'o wa Unguja, 1994 hadi 1997

Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, si nzi wa matunda. Ananyonya damu na huambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana: mnyama hukonda, maziwa hukauka, mimba huharibika, mwisho hufa. Lakini kazi iliyofanywa dhidi yake Unguja ndiyo mfano bora wa mbinu hii kwa msomaji wetu, kwa sababu masharti yote yalitimizwa kwa mpango.

Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni, na ngome yake ilikuwa vichaka na msitu wa Jozani. Kuanzia mwaka 1988 ng'ombe walimwagiwa dawa mgongoni, na vitambaa vyenye sumu vilitundikwa katika baadhi ya misitu. Mbung'o walipungua sana, lakini hawakwisha. Ndani ya msitu, ambako ng'ombe hafiki, waliendelea kuzaana.

Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na serikali za Tanzania na Zanzibar, walianza hatua ya pili. Mbung'o walifugwa Tanga, wakilishwa damu ya machinjioni kupitia utando wa silikoni uliofanya kazi ya ngozi. Ufugaji huu ni mgumu kuliko wa nzi wa matunda, kwani mbung'o jike hatagi. Huzaa buu mmoja kwa wakati, kila siku 9 au 10. Kupata maelfu kwa wiki ni kazi ya subira.

Madume waliopigwa mionzi walitiwa katika vikasha vya karatasi ngumu na kumwagwa kutoka ndege ndogo mara mbili kwa wiki, ndege ikipita juu ya kisiwa kwa mistari iliyoachana kilomita 1 mpaka 2. Kuanzia Agosti 1994 mpaka Disemba 1997 waliachiliwa zaidi ya milioni 8.5.

Daftari lilionyesha hivi. Katikati ya 1995 tasa walikuwa zaidi ya 50 kwa kila dume 1 wa porini. Mwisho wa mwaka huo wamezidi 100 kwa 1. Mwanzoni mwa 1995, katika majike vijana walionaswa na kupasuliwa, wenye mimba zilizoharibika hawakufika robo. Mwishoni mwa 1995 walizidi asilimia 70. Majike waliobaki walikuwa vikongwe, dalili kwamba watoto hawazaliwi. Mwanzoni mwa 1996 idadi iliporomoka. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996.

Hata hivyo ndege hazikusimama. Ziliendelea kuachia madume kwa zaidi ya mwaka mzima, muda wa vizazi sita vya mbung'o, mpaka Disemba 1997. Mimi kama karani naiheshimu hatua hiyo kuliko zote. Leja haifungwi siku salio linaposoma sifuri; hufungwa hundi zote zilizo njiani zikishafika. Tangu hapo Unguja haina mbung'o, na mfugaji akaweza kuweka ng'ombe wa maziwa wa kisasa ambaye zamani asingemaliza msimu.

Yaliyofanywa kwa nzi wa matunda

Kwa nzi wa Mediterania, Meksiko ilijenga kiwanda Metapa, karibu na mpaka wa Gwatemala, kikafunguliwa mwaka 1979 kikiwa na uwezo wa kutoa nzi milioni 500 kwa wiki. Kufikia 1982 nchi ilitangazwa haina nzi huyo. Kiwanda cha El Pino kilichoko Gwatemala kinaweza kutoa zaidi ya bilioni moja kwa wiki. Chile ilitangazwa huru mwaka 1995, nayo ina jangwa upande wa kaskazini, milima mashariki na bahari magharibi.

Japani ilishughulika na nzi wa matikiti katika visiwa vya Okinawa. Kazi ilianzia kisiwa kidogo cha Kume, ikaendelea kisiwa baada ya kisiwa mpaka 1993, na nzi tasa zaidi ya bilioni 50 wakatumika. Kabla ya hapo karela za Okinawa zilizuiwa kuingia sehemu nyingine za Japani. Baadaye soko likafunguka.

Mfano unaotuhusu zaidi ni Jamhuri ya Dominika. Machi 2015 nzi wa Mediterania alithibitishwa eneo la Punta Cana, ambako ni mahoteli ya ufukweni na uwanja wa ndege wa kimataifa. Alikuwa akizaliana zaidi katika mikungu, mti uleule uliojaa katika fukwe zetu. Marekani ilifunga mlango kwa aina 18 za matunda na mboga, na nchi ikapoteza zaidi ya dola milioni 40 katika miezi iliyobaki ya mwaka ule. Madume tasa waliletwa kutoka Gwatemala, mitego ikatandazwa, na Julai 2017 nchi ikatangazwa salama. Mgeni mmoja asiyeonekana alifika, na nchi nzima ililipa.

Kwa nini embe zetu bado zina funza

Msomaji atauliza: ikiwa Unguja ilimmaliza mbung'o, kwa nini isimmalize nzi wa embe? Sababu ni tatu.

Kwanza, mbung'o huzaa mmoja mmoja, ilhali nzi wa embe hutaga kwa mamia. Kumzidi kwa idadi kunahitaji kiwanda cha mamia ya mamilioni, si cha maelfu.

Pili, mbung'o wa Unguja hakuwa na njia ya kurudi. Bara iko umbali wa kilomita 35 hivi, na hakuna mtu anayesafiri na mbung'o mkobani. Nzi wa embe hurudi kwa kila jahazi, kila boti na kila kapu la matunda.

Tatu, mbung'o alikuwa na maskani maalumu. Nzi wa embe yuko kila ua lenye mpera au mkungu.

Kwa hivyo dhidi ya nzi huyu kazi kubwa leo ni ile ya kupunguza, ambayo kwa vyovyote lazima itangulie. Dawa moja yenye nguvu ni methili-eujenoli, harufu inayowavuta madume wa Bactrocera dorsalis kutoka mbali. Kwa asili ya kikemia ni ndugu wa karibu wa eujenoli, ile ile inayoipa karafuu harufu yake. Hutiwa katika mtego pamoja na sumu, dume akaingia asitoke. Baadhi ya visiwa vya Japani vilimmaliza nzi huyuhuyu kwa njia hiyo peke yake. Lakini ikumbukwe kwamba mtego hauchagui: siku madume tasa watakapoletwa, mitego hiyo lazima ipangwe upya, isije ikawala waliotumwa kufanya kazi.

Kituo cha ICIPE cha Nairobi nacho kilileta kutoka Hawaii kinyigu mdogo, Fopius arisanus, anayetaga ndani ya mayai ya nzi. Na tunao walinzi wetu wa kale, maji moto, wale siafu wekundu wanaoshona majani mtini. Utafiti uliofanywa Unguja miaka ya 1950 ulionyesha wanavyoilinda minazi na mdudu anayeharibu nazi changa, na uchunguzi wa baadaye Afrika ya Magharibi umeonyesha kwamba miembe yenye maji moto wengi huwa na funza wachache.

Mpaka ukilegea

Ushindi wa mbinu hii hulindwa, haurithiwi. Yule nzi wa vidonda aliyeondolewa Marekani, Meksiko na Amerika ya Kati alizuiwa kwa miaka mingi kwa kuachia madume tasa katika mpaka wa Panama na Kolombia. Mwaka 2023 alivunja ukuta huo, akapanda kaskazini nchi baada ya nchi, na Novemba 2024 akaonekana tena Meksiko. Alisaidiwa na mifugo inayosafirishwa bila ya ukaguzi. Kazi ya miongo ilirudishwa nyuma kwa miezi.

La kufanya shambani na safarini

Anayepeleka fedha nyumbani za kutunza shamba anaweza kumwagiza msimamizi mambo haya.

Matunda yote yaliyoanguka yaokotwe kila siku chache, yasiachwe chini ya mti. Yatiwe katika mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa vizuri na kuwekwa juani mpaka mabuu wafe, au yafukiwe kina cha nusu mita. Kuyatupa jalalani ni kuwahamisha nzi tu.

Mitego ya madume itundikwe kabla matunda hayajaanza kukomaa, na pamoja nayo chambo cha protini, kwani majike hutafuta protini kabla ya kutaga. Matunda ya miti michache ya nyumbani yanaweza kufungwa kwa mifuko ya karatasi yangali machanga.

Majirani washirikiane. Shamba moja safi katikati ya kumi machafu ni kazi bure, kwani nzi hajui bikoni.

Ama sisi wasafiri, tujiangalie mikoba yetu. Oman ina nzi wake, akiwemo nzi wa pichi na yule anayeharibu kunazi, na Unguja ina wa kwake. Embe boribo mbili za kumridhisha bibi, au kunazi za kumpelekea shangazi, zikiwa na mayai chini ya ganda, hazionekani tofauti na embe nyingine. Anayetaka kuchukua matunda aulize masharti ya nchi anayokwenda na kupata cheti cha afya ya mimea. Afisa wa uwanja wa ndege anapoyachukua na kuyatupa, tusimwone mchoyo. Katika hesabu ile ya Knipling, mstari wa mwisho ulisema habaki hata mmoja. Tunda moja lenye mayai linatosha kuirudisha hesabu kwenye mstari wa kwanza.